Pete ya harusi: almasi ya maabara, jiwe la Umba au riale za bibi? Watu wa Tanga nisaidieni

#1 BintiChumbageni
Salaam wanajamvi.

Naolewa Mfunguo Mosi inshallah, na pete imeanza kuleta maneno nyumbani. Mchumba wangu ameona mtandaoni pete yenye almasi iliyotengenezwa maabara. Anaipenda kwa sababu, anavyosema, hakuna shimo lililochimbwa wala mto uliotibuliwa kwa ajili yake. Bibi yangu wa Ngamiani alipoelezwa akauliza, "Jiwe limepikwa jikoni kama kaimati, ndilo avalishwe mjukuu wangu?" Akafungua kasha lake, akatoa kitambaa chenye riale sita za fedha na bangili ya dhahabu iliyokatika, akaniambia niende kwa sonara. Baba naye ana lake: Mkoa wa Tanga una Umba, bonde linalotoa vito, jiwe zuri liko mlangoni, pesa iende ng'ambo kutafuta nini?

Nina watu watatu ninaowapenda na majibu matatu. Mimi nashikilia hili: kilichokwisha kuchimbwa zamani hakiiumizi ardhi mara ya pili, kwa hiyo riale za bibi ndizo pete ya kisasa kuliko zote. Nikosoeni kwa hoja.

#2 Mwl_Kemia
Bibi aheshimiwe, lakini ile si kaimati. Almasi ya maabara ni kaboni ileile, imejipanga vilevile. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuibana kaboni kwa mgandamizo mkubwa na joto la nyuzi 1,300 hadi 1,600 hivi. General Electric ya Marekani walifanikiwa hivyo Desemba 1954. Ya pili, methani na hidrojeni hupashwa ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, kaboni ikatua tabaka juu ya tabaka kwenye kipande chembamba cha almasi kinachotumika kama mbegu. Ugumu wake ni 10, kiwango cha juu kabisa cha ugumu wa mawe, sawa na ile ya mgodi wa Mwadui. Kile kipimo cha mkononi cha sonara, kinachopima jiwe linavyopitisha joto, kitaiita almasi kwa kuwa ni almasi.

Msiichanganye na zirkonia, jiwe la kuigiza almasi. Wala moisanaiti, ambayo ni silikoni na kaboni na ina tabia zake.

#3 Kobe_wa_Raskazone
Mwalimu, umetueleza inavyopikwa, hukutuambia inapikwa kwa kuni gani. Viwanda vingi vya mawe hayo viko China na India, na India sehemu kubwa ya umeme wake inatoka kwenye makaa ya mawe. Mashine inawaka usiku na mchana kwa wiki nzima au zaidi. Shimo lipo, ila limehamia kwenye mgodi wa makaa ambako mchumba wake halioni.

#4 Mwl_Kemia
#3, hapo umenishika, nakubali. Lakini hoja yako inahusu umeme, haihusu jiwe. Mashine ileile ikiwashwa kwa maji au jua, hesabu inageuka. Muuzaji aulizwe umeme wake unatoka wapi. Akikosa jibu, neno "rafiki wa mazingira" alifute kwenye tangazo.

#5 Msambaa_wa_Soni
Basi waje wapikie kwetu! Tuna mitambo ya maji: Hale megawati 21, Pangani Mpya megawati 68, na sasa bwawa la Nyerere kule Rufiji megawati 2,115. Almasi ya maporomoko ya Pangani, hiyo hata bibi ataivaa.

#6 Mdigo_wa_Duga
Msambaa, wewe kwanza omba umeme usikatike Makorora wakati wa daku, habari za almasi zitafuata 😄

#7 MtoWaUmba
Nimechelewa, lakini baba wa binti ana mtetezi. Nimenunua na kuuza mawe ya Umba miaka 18.

Safaya ya Umba hufananishi na ya kwingine. Wenzetu wa Sri Lanka watakuonyesha bluu. Umba itakutolea zambarau, rangi ya chai ya rangi, kijani cha jani lililoanza kukauka, machungwa, na nyingine mchana ni bluu lakini usiku chini ya balbu inageuka zambarau. Inakaa ndani ya vermikulaiti, udongo wa magamba unaong'aa, unavunjika kwa mtarimbo. Unachimba, unachekecha, unaosha, unachagua kwa jicho. Hakuna zebaki, hakuna sianidi. Na mengi yanauzwa bila kuchomwa, yaani bila kutiwa moto ili kuboresha rangi.

Ugumu wake ni 9. Mke wa mtu anakuna nazi, anasugua sufuria kwa mchanga, pete iko kidoleni na jiwe halijali. Kasoro yake nayo niiseme: mengi ni madogo, na yaliyo safi tena makubwa ni ya kubahatisha.

Dada, mtu akikushawishi tanzanaiti kwa pete ya kila siku, mwambie ni nzuri sana ila ibaki kwenye kidani au herini. Ugumu wake unacheza kati ya 6 na 7, tena ina mkondo wake wa kupasukia. Nimemwona mama akilia dukani, ameigonga kwenye karo la jikoni, jiwe likawa vipande viwili.

#8 Zumaridi_wa_Pongwe
Nanukuu #7: "mengi yanauzwa bila kuchomwa."
Mkuu, dada hapo asilale. Karibu na 2001 na 2002 soko la dunia lilijaa safaya za machungwa zilizochomwa Thailand pamoja na beriliamu. Rangi ilikuwa imeingizwa ndani ya jiwe, na wanunuzi wengi hawakuambiwa. Tangu hapo jiwe lolote la machungwa lina maswali. Aombe karatasi ya maabara ya vito. Arusha kuna kituo cha serikali cha jemolojia, elimu ya vito. Na anunue kwenye haya masoko ya madini yaliyoanzishwa tangu 2019, apate risiti.

#9 Mdigo_wa_Duga
Sasa naacha utani. MtoWaUmba, hakuna dawa, nakubali. Mashimo je?

Mimi nimekua upande huo. Ng'ombe wa baba mdogo alitumbukia kwenye shimo lililoachwa, tukamchinja mlemle. Masika yakija mashimo yanajaa maji, watoto wanaogelea, mbu wanazaliana. Aliyechimba hana jina, kahamia kwingine.

Halafu Umba kabla ya kuwa jiwe ni mto. Unaanza juu Shagayu kwenye milima ya Usambara, unashuka nyikani, unaingia Kenya na kumwaga bahari karibu na Vanga. Matope ya kuosha mawe hayabaki pale yalipooshwa. Wapo watu chini yenu wanachota maji hayohayo.

#10 MtoWaUmba
#9, sina la kubishana na wewe, na pole kwa ng'ombe. Ninachoweza kusema ni ninachofanya mwenyewe: kwa mchimbaji asiyefukia sinunui, na ninaowanunulia naenda kuona shimo kabla ya kuona jiwe. Ni wachache. Bei yao iko juu kidogo, na mteja wa mjini hataki kuilipa mpaka umweleze.

#11 Zumaridi_wa_Pongwe
Wakati tuko Umba, ni kweli kuna jiwe linaitwa malaya au watu wananitania?

#12 MtoWaUmba
Kweli kabisa. Ni ganeti, rangi kati ya machungwa na waridi. Miaka ya 1960 watu walikuwa wanatafuta rodolaiti, ile ya zambarau nyekundu, na hizi zikitokea zinatupwa pembeni. Hazikuwa rodolaiti, hazikuwa za ukoo wowote uliojulikana, ndipo wakaziita malaya, jiwe lisilo na kwao. Baadaye wataalamu wakagundua ni mchanganyiko wa ganeti za aina mbili, bei ikapanda. Huko nje wengine wanaliandika "malaia" ili kukwepa maana.

#13 Bi_Hazama
Jina baya namna hiyo kwa jiwe zuri namna hiyo. Mimi kama ningekuwa bibi harusi ningelichukua hilohilo, lililokataliwa likarudi kuwa taji.

#14 Kobe_wa_Raskazone
Bi Hazama, siku ya harusi wifi akiuliza, "Pete hii jiwe gani?" utamjibu nini mbele ya wakwe?

#15 Bi_Hazama
Nitamjibu ganeti ya Umba, na macho nitamkazia. Kobe, nyamaza.

#16 MwanaSonara
Naona mmezama kwenye mawe mmesahau riale za bibi, na swali la binti lilianzia huko. Marehemu baba alikuwa sonara Ngamiani, mimi nimekaa kwenye mvukuto tangu niko darasa la nne.

Binti, tazama riale zako. Kama zina picha ya mwanamke mnene mwenye ushungi na mwaka 1780, ni za Maria Theresa wa Austria. Usidhani zote zina umri huo. Mwaka 1780 ndio aliofariki, na waliendelea kuzipiga kwa mwaka huohuo hata karne ya 20. Zilipigwa Vienna, Rome, London mpaka Bombay, kwa sababu watu wa pwani zetu, Uarabuni na Uhabeshi hawakuiamini sarafu nyingine. Ni fedha sehemu 833 katika 1,000, uzito gramu 28 na ushei.

Piga hesabu. Riale sita ni gramu 168 hivi. Pete ya mwanamke inakula gramu nne au tano. Usiyeyushe zote! Moja tu inatosha pete yako, ya mwenzako, na kipini cha bibi. Sonara aongeze fedha safi, inayozidi kidogo uzito wa riale yenyewe, ipande ifike 925, ndipo itang'aa vizuri na kupokea muhuri.

Na hili la "kisasa" linanichekesha kwa furaha. Mabibi zetu walikuwa wakipeleka riale kwa sonara zigeuke vikuku, vikuku vikichoka vinageuka bangili za mjukuu. Leo wauza vito Pandora wa Denmark wanatangaza kwamba tangu 2024 vito vyao ni fedha na dhahabu iliyorejelezwa tupu, dunia inapiga makofi. Ngamiani tulifanya hivyo bila tangazo.

#17 Mwl_Kemia
Hoja nzuri, na naona BintiChumbageni anaelekea kushinda.

#18 Kobe_wa_Raskazone
Hajashinda bado. Nawauliza: dhahabu gani iliwahi kutupwa jalalani? Dhahabu imeyeyushwa na kurudiwa tangu enzi za Mafarao, kwa sababu ni dhahabu. Kwa hiyo kampuni ikisema "tunatumia ya zamani", ile ya zamani ingetumika tu na mtu mwingine, na huyo mwingine sasa ataenda kununua mpya. Hakuna mgodi uliofungwa kwa sababu hiyo. Riale za bibi ni tofauti kwa kuwa zilikuwa zimelala kashani. Lakini "iliyorejelezwa" ya dukani isituvimbishe kichwa.

#19 MamaKilindi
Mnaoongea dhahabu mpya mje kwetu mwone. Wachimbaji wadogo wanakamatisha dhahabu kwa zebaki, halafu wanachoma ile tonge kwenye bati juu ya mkaa, moshi unapanda usoni. Nimeona mama ananyonyesha huku anachoma. Tanzania iliridhia mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020, na wapo waliopewa mitungi ya kunasa ule mvuke. Wengi bado ni bati na mkaa. Kobe anaweza kuwa na hesabu yake, lakini mimi kila gramu ambayo haikupita kwenye bati lile naihesabu.

#20 Mwananyamala_Tanga
MwanaSonara, na mizani je? Mimi nilipeleka bangili mbili za marehemu mama, gramu 31. Nikarudishiwa mkufu wa gramu 26 na maneno matamu. Sitaji duka. Sijawahi kupeleka tena.

#21 MwanaSonara
Pole sana, na wizi upo, siwatetei. Ila kuna upungufu wa haki pia. Bangili za zamani zina viungo vya lehemu, na lehemu haina karati ya bangili. Ukiyeyusha zote pamoja, dhahabu iliyokuwa 916 katika 1,000 inashuka. Sonara mwaminifu anaisafisha kwanza, uchafu unatoka na uzito unatoka nao. Na upungufu wa vumbi la tupa haukosi. Lakini gramu tano katika 31 ni nyingi mno.

Kaa kwenye benchi. Pima mbele yako kabla, pima kilichotoka kwenye kalibu, pima mwisho. Baba alikuwa anamwekea mteja kigoda makusudi, na vumbi la mezani analifagia mteja akiangalia. Sonara anayekwambia "njoo Jumatatu" huku anaweka mali yako kwenye droo, ichukue urudi nayo.

#22 Bi_Hazama
Nibadilishe kidogo. Hivi vito vya majina vinavyotamba sasa, mkufu wa jina, pete ya alama ya kidole, nani ana uzoefu? Mimi niliagiza mtandaoni mkufu wenye jina la binti yangu Salma kwa herufi za Kiarabu. Ulikuja herufi zimekatikakatika kila moja kivyake, tena zimepangwa kutoka kushoto kwenda kulia. Binti alipoiona akasema, "Mama, hapa pameandikwa amlas." Nimeuweka sandukuni.

#23 Fundi_Leza_Mgandini
Bi Hazama pole, hilo naliona kila mwezi. Programu nyingi za kuchorea hazijui kuunganisha Kiarabu, na mchoraji hajui kusoma, anaiona kama nakshi. Dawa yake: mtafute mwalimu wa madrasa mwenye mkono mzuri aandike kwa kalamu kwenye karatasi nyeupe. Piga picha. Fundi achore kwa kufuata picha, asichape herufi. Siku hizi umbo linachapwa kwa nta kwenye mashine, nta inazungushiwa plasta, inayeyushwa itoke, dhahabu inamiminwa mahali pake. Sonara wa zamani walichonga nta kwa kisu, kazi ni ileile.

Alama ya kidole inatoka vizuri ukitumia wino wa stempu, mkandamizo mdogo.

#24 MamaArobaini
Kuna wanaotengeneza kito cha maziwa ya mama! Maziwa yanakaushwa yawe unga, yanachanganywa na gundi ngumu ya plastiki, yanawekwa kwenye pete kama jiwe jeupe. Rafiki yangu alifanya baada ya mtoto wake wa mwisho kuacha ziwa. Baada ya miaka miwili imegeuka rangi ya siagi, na yeye bado anaipenda. Mkwe wake haikubali hata kidogo.

Mimi wa kwetu nilifanya lile la akika: nywele za mtoto za siku ya saba zikapimwa, fedha ya uzito ule ikatolewa sadaka. Niliongeza jambo moja tu, nikanunua fedha nyingine ya uzito uleule, sonara akaitia kwenye kipuli changu. Haifiki hata gramu. Hakuna anayejua ni kipuli kipi.

#25 Kobe_wa_Raskazone
MamaArobaini, katika uzi mzima hicho ndicho kito nilichokitamani.

#26 Baharia_wa_Tongoni
Mmesahau baharini. Fumba na Bweleo kule Unguja kina mama wanafuga chaza, wanapata nusu lulu na kusugua makombe kuwa herini. Hakuna shimo wala tanuri.

Ila mwenye bangili za gamba la ng'amba za bibi yake asijaribu kuziuza wala kuvuka nazo mpaka. Ng'amba ni aina ya kasa, na kasa analindwa. Ziache kashani.

#27 Mgeni_wa_Uzi
Salaam. Nimejiunga leo. Mimi ndiye mchumba.

Nimesoma yote, na Kobe nimemwelewa kuhusu makaa. Naomba niseme sababu yangu, kwa sababu naona mnadhani nimefuata mtindo. Kaka yangu alikuwa mchimbaji mdogo wa vito. Mwaka 2011 kifusi kilishuka wakiwa chini, yeye hakutoka. Tulimzika siku ya nne. Alikuwa amenitumia jiwe dogo wiki moja kabla, nalo nilimrudishia kaburini. Sipendi kumvalisha mke wangu kitu nitakachokuwa nakitazama mezani nikijiuliza nani alikuwa chini siku kilipotoka. Hiyo almasi nimeitaka kwa sababu hakuna aliyeshuka shimoni.

#28 MtoWaUmba
Mdogo wangu, Mungu amrehemu kaka. Sitakushawishi tena.

#29 MamaKilindi
Pole mwanangu. Lakini ruhusu niseme la upande wa pili, kwa upendo. Wale walioko shimoni leo wana watoto, na jiwe lisiponunuliwa hawapandi juu kwenda ofisini, wanashuka zaidi kutafuta kubwa. Mume wangu yumo. Ninachoomba ni mbao za kuegemeza kuta na bei ya haki. Kutonunua hakutuletei mbao.

#30 Mgeni_wa_Uzi
Mama, shikamoo. Nimekusikia. Sina jibu.

#31 BintiChumbageni
Nilijua kaka alifia mgodini. Sikujua ndiyo sababu ya jiwe. Tumezungumza jana mpaka saa sita usiku.

Taarifa fupi. Riale nimezipeleka kwa sonara mmoja, nimekaa kwenye kigoda kama MwanaSonara alivyosema. Zote sita ni za 1780. Moja tutaiyeyusha. Pete ya mwenzangu ni ya fedha, dhahabu hatavaa hata ile nyeupe, maana nayo ni dhahabu. Bangili ya bibi bado haijaamuliwa. Jiwe pia bado: yeye anaona pete yangu ibaki bila jiwe, baba amekwisha kwenda kuonyeshwa safaya ya rangi ya chai na amerudi nayo mfukoni, na bibi anasema tusimuulize tena.

Swali kwa MwanaSonara: hiyo ya baba ikikubalika, fedha inaweza kulishika jiwe?

#32 MwanaSonara
Inaweza, ila usikubali makucha manne membamba. Fedha ni laini, kucha inanasa kwenye kitambaa, inanyooka, jiwe linadondoka kwenye maji ya kuoshea mchele hujui saa ngapi. Mwambie azungushe ukuta mzima wa fedha kuzunguka jiwe, unene usipungue milimita moja, autie chini kwa nyundo ndogo taratibu. Chini ya jiwe aache tundu ili mwanga upite na sabuni itoke. Safaya itastahimili nyundo. Ingekuwa tanzanaiti ningekukataza.

Na baba aweke risiti.

#33 Zumaridi_wa_Pongwe
Na karatasi ya Arusha!

#34 Mdigo_wa_Duga
Na aulize shimo limefukiwa.